Shingo Iliyopinda Tangu Kuzaliwa: Mtu Mzima Bado Anaweza Kutibiwa

Kupinda kwa shingo tangu kuzaliwa kwa kawaida hutokana na kufupika na kukakamaa kwa msuli mmoja unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Msuli huo unapovuta, kichwa huinamia upande wake na kidevu huelekea upande wa pili.

Mtoto anayegunduliwa kabla ya kutimiza mwaka 1 mara nyingi hupona kwa mazoezi ya kunyoosha shingo, bila upasuaji. Asipotibiwa, nusu moja ya uso huweza kukua kuliko nyingine na pingili za shingo kupinda. Wapo wanaofikia utu uzima wakiwa na maumivu, wakishindwa kugeuza shingo, na wakiamini kuwa wakati wa tiba umepita.

Imani hiyo si sahihi. Kwa mtu mzima, daktari bingwa hukata msuli uliokakamaa karibu na mtulinga na, inapobidi, ncha yake ya juu iliyo nyuma ya sikio. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupigwa picha ya eksirei ya shingo na kupimwa macho, kwa kuwa kasoro ya mifupa au ya misuli ya macho nayo huweza kuinamisha kichwa, na tiba yake ni tofauti.

Upasuaji huo huweza kunyoosha kichwa, kupunguza maumivu na kurahisisha kugeuka. Hata hivyo, mifupa ya uso iliyokwisha kukomaa haibadiliki sana. Madhara yanayoweza kutokea ni kutokwa na damu, kovu, na kujeruhiwa kwa mishipa ya fahamu ya bega au uso. Baadaye mgonjwa huweza kuvalishwa kola ya shingo na hufanya mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa. Akiyaacha, kovu huweza kuivuta shingo upya.

Mwenye tatizo hili anashauriwa kuanzia katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu ili apewe rufaa kwa daktari bingwa. Shingo inayopinda ghafla ukubwani ni ugonjwa mwingine na huhitaji uchunguzi wa haraka. Aidha, mzazi anayeona kichwa cha mtoto kikiinama upande mmoja asisubiri akue. Amfikishe kliniki mapema.