Manyani Wawili wa Janibu

Nakala yangu ya Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert, haina jalada. Niliipata Tanga nikiwa darasa la nne, kwa mama muuza karanga. Shule moja ilikuwa imesafisha stoo yake na kuuza vitabu chakavu kwa kilo, na yule mama alikuwa akichana kurasa na kuzisokota vifuko. Nilimpa hela yangu yote ya karanga, akanipa kitabu kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na wateja. Mama yangu akanishonea mgongo wa kitabu kwa shazia na uzi wa gunia, mishono mitano. Imepita zaidi ya miaka hamsini na uzi haujalegea.

Kwa hiyo mimi sikuanza na sifa za Mfalme Rai kama wasomaji wengine. Nilianza usiku, pale Sarafi anapochungulia. Ametumwa na mfalme kwenda Janibu kufuata kodi iliyochelewa, na usiku, watu wamelala, anamwona mwenyeji wake Adili, mtawala anayesifiwa na wote, akiwachapa mijeledi manyani wawili. Nililala na picha hiyo siku kadhaa kabla ya kufika panapoelezwa kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Jini Huria ndiye aliyewageuza, akamwamuru Adili awaadhibu kila usiku. Kumchapa ndugu yako kwa lazima, usiku hadi usiku! Nyumbani nasi tulikuwa ndugu watatu. Kaka zangu wakinionea nilikuwa nawaita Hasidi na Mwivu, mpaka mama akanipiga marufuku, maana alisema ndugu haitwi jina hilo hata kwa hasira.

Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nikasoma Alfu Lela Ulela, nikakutana na Abdallah bin Fadhil, mtawala wa Basra. Naye anafuatwa na mjumbe wa kodi, ametumwa na Harun Rashid. Naye ana ndugu wawili waliogeuzwa wanyama, na anawachapa usiku. Ila hapo ni mbwa. Mwenzangu mmoja alikasirika, akasema tumeuziwa hadithi ya watu. Mimi nilifurahi kama niliyeonyeshwa jikoni chakula kilikopikwa. Shaaban Robert aliitoa hadithi Basra akaileta katika nchi aliyoibuni mwenyewe, na mbwa akawafanya manyani. Mwenye shamba Pwani anajua nyani ni nani: ana vidole, anakaa kitako, anakutazama usoni. Mbwa akilia usiku watu hugeuka upande wa pili wakaendelea kulala. Nyani akilia, unainuka kitandani. Kwangu mimi badiliko hilo moja lina thamani kuliko kisa kizima alichokipokea.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko. Karani wa forodha huandika kilichoshuka kutoka ng'ambo. Adili ilichapwa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika.

Lakini kazi ya kuzivisha hadithi nguo za hapa ilikuwapo zamani kabla yake, na iliyoifanya ni midomo ya watu, si kalamu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864 akaanza kuandika hadithi alizosimuliwa mjini, akazichapisha London mwaka 1870. Mojawapo ni Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho ndani yake mna kima aliyedai moyo wake ameuacha mtini. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kisa hicho hicho, naye hakujua kusoma hata herufi moja. Katika Panchatantra ya Wahindi anayemdanganya kima ni mamba. Katika Kalila na Dimna ya Waarabu ni kobe. Kilipotua Unguja akawa papa. Mtoto wa mvuvi umtishe kwa kobe?

Miaka hiyo hiyo, huko Oxford, mwalimu wa hesabu Charles Dodgson alipiga makasia mtoni na mabinti watatu. Ilikuwa tarehe 4 Julai 1862, na walipotaka hadithi, akawatungia pale pale. Mwaka 1865 hadithi hiyo, ya msichana Elisi, ikatoka kama kitabu kwa jina la Lewis Carroll. Basi na hiyo ilianza kwa mdomo, na nadhani ndiyo sababu haikupata shida sana kuingia kwetu. Vitabu vya Waingereza vilikuwa vimeshaanza kutafsiriwa. Frederick Johnson alileta Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ila mwaka 1940 E. V. St Lo Conan-Davies alitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake Elisi ni msichana Mwafrika. Sungura tulikuwa naye siku zote, na akisema hatukushangaa. Kigeni kwa sungura wa Elisi kilikuwa ile saa yake tu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikitafsiri upya, akakiita Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Jioni hizi namsomea mjukuu wangu ile nakala ya mishono mitano. Kurasa zilizopotea nilizinakili kwa mkono kutoka kitabu cha maktaba, nikazitia mwanzoni. Mjukuu hazitaki. Anasema, "Babu, anzia pale kwenye manyani."

Elisi wa 1940 ni adimu siku hizi. Ndugu msomaji, kama kwenu kuna sanduku la marehemu babu au bibi lenye vitabu vya zamani, lifungue, upekue kimoja kimoja, na usiviuze kwa kilo.