Kutoka Sadaka hadi Haki: Historia ya Sheria za Elimu Maalumu na Mtoto wa Kilifi

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Kenya ilianza kama sadaka kabla ya kuwa haki, kwani shule za mwanzo zilitokana na juhudi za madhehebu ya dini na wafadhili, wakati ambapo hakukuwa na sheria iliyompa mzazi uwezo wa kudai nafasi ya mwanawe darasani. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946, na baadaye Pwani nayo ikapata shule za aina hiyo, zikiwemo ya wasioona huko Likoni na ya viziwi huko Kibarani, Kilifi. Kwa kuwa shule hizo zilikuwa chache na za mbali, mtoto wa Ganze au Magarini huko Kilifi aliyebahatika kupata nafasi ilimbidi aage kwao akakae bweni, na asiyebahatika alibaki nyumbani.

Baada ya uhuru, kamati iliyoundwa mwaka 1964 chini ya Ngala Mwendwa, waziri aliyetoka Ukambani, ilichunguza utunzaji na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na mapendekezo yake yakazaa Waraka wa Serikali Namba 5 wa 1968. Waraka wa namna hiyo hutangaza nia ya serikali, lakini haumpi mzazi hoja ya kusimamia mahakamani. Hatua za utekelezaji zilikuja polepole: mwaka 1984 vilianza kuundwa, kwa msaada wa Denmark, vituo vya upimaji, yaani mahali ambapo mtoto huchunguzwa ili ijulikane anahitaji msaada gani na shule ipi, na mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ili kuwafunza walimu.

Sheria yenye meno ilipatikana mwaka 2003. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu kilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake peke yake, lakini papo hapo kikaweka sharti kwamba awe na uwezo wa kuyamudu masomo hayo, na sharti hilo likamwachia mwalimu mkuu asiye na ujuzi wa upimaji mwanya wa kumrudisha mtoto nyumbani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kikatambua haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa ndani ya jamii, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara na maandishi ya breli. Mwaka 2025 sheria ya 2003 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya.

Kilifi inaonyesha kwa nini mwelekeo huo wa elimu jumuishi, yaani mtoto kusoma pamoja na wenzake katika shule ya kawaida huku akipewa msaada anaouhitaji, si anasa. Utafiti wa kituo cha KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust mjini Kilifi, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapima watoto 10,218 wa umri wa miaka 6 hadi 9, na ukakadiria kuwa 61 katika kila 1,000 walikuwa na athari za wastani au kali za mfumo wa neva. Kifafa kiliongoza kwa watoto 41 katika kila 1,000, kikifuatwa na matatizo ya utambuzi kwa 31 na ya kusikia kwa 14, ilhali ya kuona yalikuwa kwa 2 tu. Shule zilianza kujengwa kwa ajili ya wasioona na viziwi, ilhali mzigo mkubwa wa Kilifi ni ulemavu ambao jirani huuita ukaidi, uzito wa akili au pepo.

Kwa hiyo sheria haitoshi pasipo upimaji. Katiba imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na huko ndiko mtoto anakoonekana kwanza na mwalimu. Serikali ya Kaunti ya Kilifi haina budi kuwafunza walimu hao kutambua dalili mapema na kuvisogeza vituo vya upimaji karibu na vijiji, na mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe hafai shule na adai apimwe, maana kusoma sasa ni haki ya mtoto huyo.