Kitanda cha Mzee na Shamba la Ukoo

Mwaka 1962, katika andiko lake la kueleza misingi ya Ujamaa, Julius Nyerere alimtetea mzee wa Kiafrika anayeonekana ameketi tu bila kazi. Mzee huyo, alieleza, alifanya kazi kwa bidii alipokuwa kijana, na mali inayodhaniwa kuwa yake ameishika kwa niaba ya jamaa nzima. Picha hiyo tumeizoea kiasi kwamba hatuiulizi tena maswali. Kila linapozuka suala la nani amwangalie mzee aliyepooza au aliyepoteza kumbukumbu, jibu liko tayari mdomoni: wazee wetu hutunzwa nyumbani, ndivyo mila ilivyo. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, 1963, serikali yake ilichapisha tamko la sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na ndani yake imo kanuni inayosema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto, kama yeye alivyowatunza. Ni vyema maandiko haya mawili yakasomwa pamoja. La kwanza linayaeleza matunzo kuwa utu. La pili linayaandika kuwa malipo, tena badala ya mali ambayo mama huyo amenyimwa. Naamini la pili liko karibu zaidi na historia yetu. Mzee mgonjwa alitunzwa pale palipokuwa na shamba, mifugo na mikono ya kazi vya kuyabeba matunzo hayo, na vilipokosekana, mila pekee haikumfikia.

Tuanzie Uchagani. Kwa desturi ya urithi, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyebaki katika kihamba cha wazazi, yaani shamba la ukoo lenye makazi, wakati kaka zake walikatiwa sehemu nyingine. Kubaki huko kulikuwa na masharti. Aliyerithi nyumba, migomba na, kahawa ilipoingia, mibuni, ndiye aliyetazamiwa kumlisha baba, kumuuguza mama na kuwazika wote wawili humohumo kihambani. Kwa wafugaji nguvu hiyo ilikaa zizini: kijana aliyehitaji ng'ombe wa mahari hakuthubutu kumpuuza mzee aliyewashika. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskini wa Afrika, ameonyesha kwamba mahali ambapo ardhi ilikuwa tele, fukara hasa hakuwa mtu aliyekosa shamba. Alikuwa mtu aliyekosa nguvu za kulilima na jamaa wa kumlimia: kipofu, kilema, mgonjwa wa siku nyingi, mzee asiye na watoto. Hapo ndipo hoja ya "mila yetu" inapopungukiwa. Mzee mwenye wana sita na mzee tasa waliweza kuishi kijiji kimoja, chini ya mila moja, na uzee wao usifanane hata kidogo.

Na hiyo mikono ilikuwa ya nani? Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akiachwa alale upande mmoja, ngozi ya nyonga, ya kisigino na ya chini ya mgongo hubadilika rangi, ikachubuka, na hatimaye ikawa kidonda kinachochimba hadi mfupani. Uji anyweshwe akiwa ameinuliwa, kidogokidogo, la sivyo utamwingia kwenye njia ya hewa. Shuka zifuliwe kila siku, na maji ya kuzifulia yakachotwe. Mara nyingi mrithi wa kihamba hakuyafanya haya kwa mikono yake. Aliyafanya mkewe, au dada yake aliyeachika akarejea kwao. Mke hakurithi ardhi ya ukoo, na binti, kwa kanuni za 1963, aliruhusiwa kuitumia bila kuwa na haki ya kuiuza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Tukisifu matunzo ya nyumbani bila kumtaja mwanamke huyu, tunamsifu mwenye shamba kwa kazi ya mtu mwingine.

Ukoloni ulielewa vizuri mpango huu wa ukoo kumtunza mzee wake, ukautumia kwa faida yake. Katani ilifikishwa Tanga mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba yake yalivuta wanaume kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Hao ndio manamba. Ujira wao ulipimwa kama wa mwanamume anayejilisha mwenyewe. Haukuwa na nafasi ya mke, watoto wala uzee. Akichoka au akiugua angerudi kwao, na ukoo ungempokea. Picha ya Mwafrika anayebebwa na kabila lake, ambayo sisi tunaitaja kwa fahari, ilimwokolea mwajiri gharama ya pensheni. Lakini wapo ambao hawakurudi. Mtu aliyekata mkonge ujana wake wote bila kuoa kwao, bila kufyeka shamba, bila kulea watoto wa ndugu, alikuwa hajaweka kitu katika ule mpango ambao sasa aliambiwa umtunze. Wengine walizeekea kambini, mamia ya kilomita kutoka kwa mtu yeyote aliyejua jina la baba yao.

Wenye ukoma ni mfano mwingine, na kwa maoni yangu ndio mzito zaidi. Walitengwa makusudi katika makazi yao, na baadhi ya makazi hayo ndiyo yaliyokuja kuwa makazi ya wazee ya serikali tunayoyajua leo; Nunge kule Kigamboni ni mojawapo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mchanganyiko, na wagonjwa wakapona. Dawa iliua vijidudu. Haikurudisha vidole, nyayo wala macho. Waliopona walibaki na vidonda vya miguu visivyohisi maumivu, vya kusafishwa na kukaguliwa kila siku. Wapo waliokaa palepale wakazeeka, kwa sababu nyumbani nafasi yao ilikwisha kuzibwa. Watu husema makazi ya wazee ni ugeni ulioletwa kuua mila. Historia ya Nunge inaonyesha makazi yakiwapokea watu ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwatoa mikononi.

Nitaambiwa nawageuza wahenga kuwa wafanyabiashara, kana kwamba mtu humuuguza mama yake kwa kuhesabu migomba. Hapana. Upendo ulikuwepo, na upo; hakuna shamba linaloweza kumlipa mtu aliyelala sakafuni miaka kadhaa kando ya kitanda cha mzazi. Ninachosema ni kwamba upendo uliegemea mpango wa mali na kazi, na mpango ulipovunjika, heshima peke yake haikutosha kumkinga mzee. Ushahidi mchungu uko Usukumani, ambako katika miongo ya baada ya uhuru wanawake wazee wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Waliolengwa sana walikuwa wajane, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kulikuwa na ugomvi wa ardhi au urithi. Alama iliyotajwa ilikuwa macho mekundu: macho ya mtu aliyeinamia jiko la kuni, na mahali pengine la samadi, tangu utotoni. Yaani ugonjwa alioupata kwa kuwapikia wengine ndio uliofanywa ushahidi dhidi yake.

Pingamizi la pili ni la leo, na linatoka kwa watu wenye nia njema: serikali ikianza kumlipa mzee, watoto watajitoa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikuwa karibu na wazo hilo, kwani iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Lakini tunao mfano wa kupimia hofu hii. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mpango wote wa uzee ukapinduka: bibi aliyetazamia kuuguzwa na wanawe ndiye aliyewauguza, akawazika, kisha akaanza kulea wajukuu akiwa na magoti mabovu na macho yaliyofifia. Wilayani Muleba mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee kama hao. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha fedha hizo zikienda kwenye chakula, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Zilirudi ndani ya familia, zikaishikilia. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ana watoto au hana, ilimfikia hata yule mzee tasa ambaye mila ilimruka.

Hata hivyo pensheni hununua sabuni. Haimgeuzi mgonjwa usiku. Kazi hiyo bado ni ya mkwe na binti, na sheria zetu bado zinaiona kana kwamba hujifanya yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilivyopitishwa, ilimpa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, ilitoa siku hizo akifariki tu. Na huyo ni mwenye mkataba wa ajira. Mke wa mrithi wa kihamba, anayelima asubuhi na kuuguza usiku, hana mwajiri wa kumwomba likizo.