Msitu wa Kingo

Tarehe 30 Juni, Lubudi inapopumzika kwa sikukuu ya uhuru wa Kongo, kiangazi huwa kimeshakaza. Njia ya kushuka mtoni inapita kwanza kwenye miombo: majani yamechoka, nyasi zimekauka, na pengine moto umeshapita ukaacha majivu. Kisha bonde linajibana, na ndani ya hatua chache unatoka juani na kuingia kwenye kiza cha kijani. Ardhi ina unyevu. Miti ya ng'ambo hii imeinamia maji mpaka matawi yake yameshikana na ya ng'ambo ile. Hapo ndipo mtoto wa dada yangu aliponiuliza, “Mjomba, hapa panaitwaje?”

Vitabu vyake vya shule, vya Kifaransa, vina jibu: msitu wa galeri. Galeri ni ukumbi mrefu mwembamba wenye paa, na aliyeubuni msamiati huo alitazama umbo. Umbo hilo ni la kweli. Ukisimama juu ya kilima unaona utepe wa kijani ukijipinda katikati ya nchi iliyokauka. Ukishuka ndani yake, uko chini ya dari.

Lakini umbo halielezi kwa nini msitu uko pale. Mvua za Katanga hukoma karibu na Aprili, na hurudi kwa nguvu kuanzia Novemba. Miezi yote hiyo katikati, miti ya bondeni hunywa maji yaliyo karibu chini ya udongo, ndiyo maana inabaki na majani wakati miombo inapukutisha yake. Moto wa nyika ukifika kwenye udongo mbichi na kivuli, mara nyingi hufifia. Nayo miti inalipa: mizizi hushika udongo wa ukingo usimomonyoke, kivuli huyapoza maji. Mto umeulea msitu, msitu unaulinda mto.

Watu wa kwetu wanasema mushitu. Wabemba nao, hata upande wa Zambia, hutumia jina hilo kwa msitu mzito wa penye maji. Ni ndugu wa msitu wa Kiswahili, neno ambalo pwani limepanuka hata likabeba kila aina ya miti iliyosongamana. Kwa hiyo tukiandika msitu peke yake, msomaji wa Tanga hataona maji. Ushoroba ungefaa kwa umbo, ila Tanzania tayari unatumika kwa mapito ya wanyamapori, na istilahi moja isibebeshwe mizigo miwili.

Mimi nasema msitu wa kingo. Ukingo kila mtu anaujua, uwe wa mto au wa ziwa, na sikio langu linasikia kinga ndani yake. Wapo wanaoandika “msitu wa kandokando ya mto”. Ni sahihi, lakini ni maelezo, na istilahi inayotakiwa kurudiwa mara 20 katika ripoti moja haina budi kuwa fupi.

Jina linahitajika hata nje ya madarasa. Sheria ya misitu ya Kongo ya mwaka 2002 inakataza kufyeka miti umbali wa mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Tanzania, kwa sheria yake ya mazingira ya 2004, imeweka mita 60. Mchoma makaa anayeelezwa marufuku hiyo kwa Kifaransa cha ofisini husikia namba tu. Akiambiwa kwamba mti huu ni wa kingo, anajua ni ukingo gani na unakinga nini.

Nikamwambia mpwa wangu jina, kisha nikamweleza zile mita 50. Akaanza kuzipima kwa hatua kutoka majini, akihesabu kwa sauti. Alipofika 31 akanyamaza. Mbele yake palikuwa na kisiki kibichi, utomvu bado ukitiririka.