Herufi za Bati: Nembo na Wahakiki Wake katika Nchi ya Chai ya Kericho

Nembo, kwa maana inayotumika hapa, ni alama fupi ya mchoro au ya herufi inayomwezesha mtu kutambua mali, kazi au taasisi bila kusoma maelezo yoyote, na katika nyanda za Kericho na Bomet historia yake ni ndefu kuliko ya chai yenyewe. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa nyanda hizo na wa kituo cha biashara cha Kiptere, wamegawanyika katika koo, kila ukoo ukiitwa oret, na kila oret ina tiondo wake, yaani mnyama au kiumbe kinachousimamia ukoo huo na kumtambulisha mtu wake hata mbali na kwao. Pamoja na hayo, wafugaji wa jamii za Kalenjin, Wakipsigis wakiwamo, walikuwa na desturi ya kuikata mifugo masikio kwa mitindo maalumu, ili ng'ombe akipotea au akitekwa aweze kutambuliwa na kudaiwa. Mkato wa aina hiyo hauhitaji chombo zaidi ya kisu, huonekana jioni mifugo inaporudi zizini, haufutiki kwa mvua, na hauwezi kubeba maneno mengi. Na sifa hizo nne ndizo mbunifu wa nembo wa leo anazozitafuta kwa taabu kwenye kompyuta yake.

Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903, huko Limuru, lakini mashamba makubwa ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920, katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, ambayo sehemu yake ilikuwa imegawiwa kwanza maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wakashindwa na kilimo cha kitani. Waliokuja baadaye, kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay, walikuja na majina yaliyokwisha kutengenezwa Uingereza. Brooke Bond ilianzishwa Manchester mwaka 1869 na Arthur Brooke, na hakukuwapo kamwe mshirika aliyeitwa Bond, kwa kuwa neno hilo lenye maana ya ahadi inayomfunga mtu liliongezwa ili jina lipendeze na liaminike. Jina hilo lililobuniwa mezani liligeuka kuwa mahali halisi: nje kidogo ya mji wa Kericho kuna kituo kinachoitwa Brooke, na wapo wanaoshukia hapo kila siku bila kumfikiria mfanyabiashara yeyote wa Manchester.

Hata hivyo, alama iliyoitembeza chai ya Kericho duniani haikuwa jina la kampuni peke yake. Ilikuwa alama ya kiwanda, yaani jina la shamba au kiwanda ambalo shehena huuzwa kwalo, na jina hilo lilipigwa kwa rangi ubavuni mwa kasha la mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, lililotandikwa karatasi ya alumini ndani na kukazwa kwa vipande vya bati pembeni. Chombo cha kupigia kilikuwa kigezo cha bati, yaani kipande cha bati kilichokatwa matundu yenye umbo la herufi, ambacho kiliwekwa juu ya mbao kisha kikapakwa wino kwa brashi. Mkataji wa bati hakuwa na uhuru mkubwa, kwa sababu herufi O ikikatwa duara zima kitovu chake hudondoka, na hivyo ilibidi aache vidaraja vyembamba vya kukishikilia; A, P, R na B nazo zilidai vidaraja vyao, ilhali F, L na T hazikuhitaji chochote. Katika PF1, ambayo ni daraja la chai ya chembe ndogo linalojulikana sana Afrika Mashariki, ni P pekee inayokatwa na kidaraja, na macho ya wapakiaji na wanunuzi yakazoea mwanya huo hata ukawa sehemu ya sura ya herufi. Pengine hakuna shule ya ubunifu iliyowahi kufundisha ufupi wa alama kwa ukali kama kipande hicho cha bati, kwani lililokuwa jembamba mno lilivunjika, lililokuwa dogo mno liliziba kwa wino, na pambo lisilo na kazi lilionekana mara moja kuwa usumbufu. Makasha yalipoyaachia nafasi magunia ya karatasi nzito, ulazima huo uliondoka, na pamoja nao ikaondoka nidhamu fulani.

Wakulima wadogo Waafrika walizuiwa kulima chai kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, na mlango ulipofunguliwa ndipo ilipoundwa, mwaka 1964, mamlaka ya kuendeleza chai yao iitwayo KTDA, ambayo tangu mwaka 2000 ni kampuni. Viwanda vilivyojengwa chini yake, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Momul, vilitumia majina ya kwao kuwa alama za kuuzia, na majina hayo yakaanza kusomwa katika mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Mwaka 1977 ikaanzishwa Kericho kampuni ya Ketepa, inayofungasha chai kwa mnunuzi wa dukani, na hapo nembo ikapata kazi nyingine, kwa sababu mama anayetuma mtoto dukani hasomi orodha ya mnada.

Biashara hiyohiyo ya chai imehifadhi namna ya kutoa maoni ambayo wanaoagiza nembo wangefaidika sana kwa kuiga. Kabla ya mnada, mwonjaji wa chai hupanga vikombe mstari mmoja, akapima majani kwa uzito uleule na kuyatia maji ya moto kwa dakika zilezile, kisha akatazama majani makavu, majani yaliyolowa na rangi ya maji, akavuta funda kwa kishindo, akalitema na kusogea kikombe kinachofuata. Haandiki kwamba chai haikumpendeza. Huandika kwamba ina harufu ya kuungua, na msimamizi wa kiwanda akaelewa kuwa moto wa kikaushio ulizidi. Au kwamba imepikika kama iliyochemshwa mno, na msimamizi akajua kuwa ilikauka polepole kupita kiasi. Au kwamba imepoa ulimini, haina ule ukali wa kuchangamsha, na msimamizi akaenda kuchunguza unyevu. Mwonjaji hutaja kilichotokea kinywani, na tiba humwachia aliye karibu na mashine, kwani yeye ndiye anayezijua.

Kikundi cha wakulima au chama cha akiba na mikopo kinapoagiza nembo, iwe Kiptere au kwingineko, mambo mara nyingi huenda kinyume. Mmoja wa wanakamati hutaka majani mawili na chipukizi, ambayo ni alama ya chai ulimwenguni kote kwa sababu ndiyo kipimo cha uchumaji bora. Wa pili hutaka ng'ombe, kwa kuwa maziwa nayo ni mali. Wa tatu hutaka mikono inayoshikana, na wote hukubaliana kuwa pawe na duara la kuyazungushia yote. Mbunifu huambiwa aongeze, akuze, abadili kijani, bila kuelezwa kamwe ni nani atakayeitazama nembo hiyo, akiwa wapi, na anapaswa kuitofautisha na ipi. Maagizo ya namna hiyo ni tiba iliyotangulia ugonjwa. Maoni yenye msaada yangesema kwamba mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi kumtambua ng'ombe, au kwamba alama inafanana na ya jirani anayepima majani katika kituo kilekile cha kukusanyia, jambo ambalo lina uzito hata kisheria, kwa kuwa taasisi ya KIPI, inayosajili alama za biashara nchini, inaweza kukataa iliyo karibu mno na iliyokwisha kusajiliwa.

Tena kipo chombo kimoja kinachofanya kazi ya bati la zamani, nacho kimo katika droo ya kila mweka hazina: muhuri wa mpira. Ukigongwa kwenye stakabadhi ya malipo kwa wino uliokaribia kukauka, majani mawili na chipukizi hubaki yakisomeka, na ile mikono inayoshikana hugeuka doa.