Kurasa za Mbele na Kurasa za Nyuma

Mwaka 1622 wanahisa wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, VOC, walichoka kusubiri. Kampuni ilikuwa imeshika fedha zao tangu 1602, na meli zake zilikuwa zikirudi Amsterdam zimesheheni viungo, lakini hesabu za wazi zilizoahidiwa ilipoanzishwa hazikuonekana. Wakachapisha vijitabu vya malalamiko. Kimojawapo kiliwatuhumu wakurugenzi kwamba wamevipaka vitabu vya hesabu mafuta ya nguruwe ili mbwa wavitafune, ushahidi upotee. Hayo yalikuwa maneno ya watu wenye hasira, lakini dai lao ndilo lililoizaa ripoti ya mwaka: mwenye mali anataka kujua mali yake imefanywa nini.

Nalianza jambo hili huko mbali kwa sababu leo ripoti ya mwaka imezoeleka kama kijitabu cha kampuni kujinadi kwa wawekezaji. Picha za wateja wanaotabasamu, barua ya mwenyekiti, grafu zinazopanda. Kazi ya kuvutia mitaji imekuja baadaye, na imejengwa juu ya haki ambayo wakubwa waliikataa kwa muda mrefu. Mwaka 1866 Soko la Hisa la New York lilipoiomba kampuni ya reli ya Delaware, Lackawanna & Western hesabu zake, lilijibiwa kwamba kampuni hiyo haitoi ripoti wala haichapishi taarifa yoyote. Kule Uingereza sheria ya 1844 iliwapa wanahisa haki ya kuonyeshwa mizania, kisha ya 1856 ikaliondoa sharti hilo. Benki ya City of Glasgow ilipoanguka 1878, huku mizania yake ikiwa imeghushiwa, wanahisa waliodaiwa madeni ya benki bila kikomo walifilisika, wakurugenzi wakafungwa, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya ukaguzi wa hesabu za benki. Historia yote ya ripoti hizi imekwenda kwa mwendo huo: watu wanaumia kwanza, sheria inafuata.

Mabadiliko makubwa ya sura yalikuja na kampuni ya chuma ya United States Steel. Mwanabenki J. P. Morgan aliiunda 1901 kwa mtaji wa dola bilioni 1.4, ukubwa ambao dunia ilikuwa haijauona, na umma wa Marekani uliiogopa. Ripoti ya mwaka wake wa 1902 ilikuwa na hesabu zilizokaguliwa na Price Waterhouse, kwa undani ambao kampuni za wakati huo hazikuwa na desturi ya kuutoa. Ilikuwa pia na kurasa za picha: viwanda, tanuri, migodi, meli za kubebea madini. Mwenye hisa ambaye hakuwahi kufika Pennsylvania aliweza kuuona moshi wa mali yake. Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana ndani ya jalada moja, uwazi na ushawishi, na tangu siku hiyo hayajaachana. Naiheshimu ripoti ile, kwa kuwa picha zake hazikuwekwa ili kufunika namba.

Kesi ya Lord Kylsant inaonyesha vizuri zaidi lugha inavyoweza kutumika vibaya. Alikuwa mwenyekiti wa Royal Mail Steam Packet, kampuni ya meli ya Uingereza yenye jina kubwa. Vita Kuu ya Kwanza iliipatia faida nono, na sehemu ya fedha hizo ikawekwa kwenye akiba za siri. Biashara ilipodorora katika miaka ya 1920, akiba hizo zilichotwa kimyakimya ili hesabu ziendelee kuonyesha faida na wanahisa waendelee kupata gawio. Katika ripoti ya 1926, jambo lote hilo lilibebwa na maneno machache yaliyochomekwa kwenye mstari wa faida, yakisema kwamba ndani yake mmehesabiwa marekebisho ya akiba za kodi. Mhasibu mzoefu angeweza kushtuka. Mjane aliyeweka urithi wake humo hakuwa na pa kuanzia.

Mwaka 1931 Kylsant alishtakiwa pamoja na mkaguzi wake wa hesabu. Kuhusu ripoti za mwaka, wote wawili waliachiwa huru, kwa kuwa akiba za siri zilikuwa desturi ya wakati huo na maneno yale machache yalitosha kisheria. Kylsant alipatikana na hatia kwa waraka wa matarajio wa 1928, uliowaomba watu waikopeshe kampuni fedha. Waraka ulitaja wastani wa faida wa miaka kumi na magawio yaliyolipwa. Tarakimu zake zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika mpangilio: wastani ule ulivutwa juu na faida za zamani, na msomaji hakuambiwa kwamba kampuni ilikuwa imeishiwa nguvu. Alihukumiwa kifungo cha miezi 12. Kwangu mimi huo ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mahakama ilikubali kwamba unaweza kumdanganya mwekezaji bila kuandika namba hata moja ya uongo.

Marekani nayo, baada ya soko kuporomoka 1929, ilipitisha sheria za 1933 na 1934 na kuunda tume ya kusimamia masoko ya mitaji. Sheria zilibana namba za kurasa za nyuma, na kampuni zikahamishia ubunifu wao kwenye kurasa za mbele. Mwaka 1959 msanifu Robert Miles Runyan aliipamba ripoti ya Litton Industries kwa picha za kisanii, na baada ya hapo kampuni kubwa zilishindana kwa karatasi nzuri na wapiga picha wa hali ya juu.

Watafiti walipoanza kuzisoma ripoti hizi kwa makini, walikuta tabia zinazojirudia. Utafiti uliochapishwa 1983 ulionyesha kwamba katika barua kwa wanahisa, matokeo mazuri huelezwa kuwa ni matunda ya uongozi, na mabaya hutupiwa hali ya nje. Mwaka 2008 mtafiti Feng Li alionyesha kwamba kampuni zenye faida ndogo huelekea kuandika ripoti ngumu zaidi kusomeka.

Ripoti ya mwaka 2000 ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ina mambo haya yote. Mbele kuna mapato ya zaidi ya dola bilioni 100, na ripoti inataja pia maadili manne ya kampuni: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Nyuma, kwenye maelezo ya 16 ya hesabu, kuna aya zilizosokotwa kuhusu miamala na ubia uliokuwa ukisimamiwa na ofisa mwandamizi wa Enron yenyewe. Mwekezaji James Chanos ni miongoni mwa walioyatilia shaka maelezo ya aina hiyo, akaweka fedha zake upande wa hisa kushuka. Desemba 2001 Enron ilifilisika, na wafanyakazi wengi waliokuwa na akiba ya uzeeni katika hisa zake walipoteza karibu kila kitu.

Njia nyingine ipo. Mwekezaji Warren Buffett, katika barua yake ya 2007 kwa wanahisa wa Berkshire Hathaway, alikiri kwamba kununua kampuni ya viatu ya Dexter ndiko kulikokuwa biashara mbaya kuliko zote alizofanya. Kukiri huko nako huvutia wawekezaji, na sioni ubaya wake. Mkakati wa mawasiliano unaomwachia msomaji ukweli mkononi ni mkakati halali.

Afrika Mashariki tuliingia mchezoni kwa kishindo katika karne hii. Mwaka 2008 Safaricom iliuzwa kwa umma, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na Wakenya wengi wakawa wanahisa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850. Mwaka 2016, katikati ya hapo, Chase Bank ya Kenya, iliyokuwa imeuza hati fungani kwa umma, ilichapisha hesabu zake, kisha ikazichapisha upya zikiwa na mikopo mikubwa zaidi kwa watu wa ndani. Aprili 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya msimamizi.

Hisa zinapouzwa kwetu, matangazo yanapigwa redioni kwa Kiswahili safi, na mama ntilie anayesikiliza anaelewa kila neno. Mwaka ukiisha, ripoti mara nyingi inatoka kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya mia moja, na maelezo kuhusu mikopo ya wakurugenzi yako mwishoni kabisa kwa herufi ndogo. Masoko ya Dar es Salaam na Nairobi yangeweza kuzitaka kampuni zilizoorodheshwa zitoe kwa Kiswahili angalau mizania, taarifa ya mapato, maoni ya mkaguzi na maelezo ya miamala na watu wa ndani. Kurasa kumi zingetosha, na zitangulie mbele ya picha.