Chupa Inayomalizika kwa Mkupuo Mmoja

Leo tuanze na filamu ambayo huenda hukuiona, lakini vitukuu vyake vimejaa kwenye simu ya mwanao.

Mwaka 1978 ilitoka huko Marekani filamu iitwayo Animal House, kichekesho cha wanafunzi wa chuo ambao somo lao kuu ni sherehe. Humo mwigizaji John Belushi anadaka chupa ya wiski, anaigugumia hadi tone la mwisho, kisha anaendelea na shughuli zake. Watu walicheka sana, na kusema kweli anachekesha. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 100, na wengine wakaiga. Belushi mwenyewe alifariki Machi 1982 kwa kokeini na heroini, akiwa na miaka 33.

Mwaka 2012 ikaja Project X. Wazazi wamesafiri, vijana wa shule wanaandaa karamu, mtaa unaishia kuwaka moto. Imepigwa kana kwamba vijana wenyewe ndio walioshika kamera, na hapo ndipo penye mtego. Septemba mwaka uo huo, mjini Haren, Uholanzi, msichana aliyetimiza miaka 16 alialika marafiki kupitia Facebook bila kuufunga mwaliko. Walifika maelfu, baadhi wakiitaja filamu hiyo, na usiku ukaishia kwa maduka kuvunjwa na watu kujeruhiwa. Hata kwetu, Machi 2016, tangazo la sherehe yenye jina hilo jijini Nairobi lilisambaa mitandaoni, na Bodi ya Kuainisha Filamu ikaipiga marufuku.

Sasa turudi kwenye ile chupa, maana waigizaji hupewa chai. Wiski halisi ya mililita 750 ina takriban mililita 300 za pombe kavu. Kijana akiimaliza kwa mkupuo, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi yaweza kulala, na matapishi yaweza kumziba koo. Ukimkuta haamki, anapumua polepole au kwa vipindi, ngozi baridi, usiseme "mwache alale itoke." Mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, mkimbize hospitali. Kahawa na maji baridi havitoi pombe mwilini.

Lakini mtoto anayeogopa kiboko hapigi simu. Kabla ya likizo hii, mwambie kwamba akikupigia usiku kwa sababu ya rafiki asiyeamka, utakuja kwanza, na maswali yatangoja asubuhi.